Karatasi Tatu Kwenye Friji

Jumapili ya tarehe 7 Desemba 2025 wali ulipoa mezani. Dada yangu aliita mara mbili, mara ya tatu akaita jina lote mpaka la babu, na mwanawe hakuja. Alikuwa sebuleni, amekaa ukingoni mwa kochi, mikono kichwani, anatazama televisheni ambayo wala haikuwa ikionyesha mechi. Watu wenye suti walikuwa wanasoma orodha.

"Wamewaacha, Mjomba," akaniambia bila kugeuka. "Notre Dame wako nje."

Nikacheka. Notre Dame ni timu ya chuo kikuu cha Kikatoliki, wala si timu yake. Timu yake ni Indiana, na Indiana usiku uliopita walikuwa wameifunga Ohio State 13–10 hapa hapa mjini Indianapolis, wakawekwa wa kwanza katika orodha nzima. Angepaswa kuwa anaruka. Lakini mpwa wangu ana ugonjwa wa kupenda kanuni kuliko ushindi, na siku ile aliona kanuni imepindishwa mbele ya macho yake.

Kwa msomaji aliye Morogoro au Mombasa ngoja nieleze kidogo, maana mimi mwenyewe ilinichukua misimu miwili. Mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya plastiki, unachezwa na vyuo vikuu kwa ukubwa ambao ukisimuliwa nyumbani unaonekana chumvi. Daraja la juu lilikuwa na timu 136 msimu wa 2025. Kila timu inacheza mechi 12 tu kwa msimu, na nyingi kati ya hizo ni za ndani ya ligi yao, wanazoziita konferensi. Kwa hiyo timu ya Utah na timu ya Florida zinaweza kukaa miaka na mikaka hazijaonana. Mwisho wa msimu zinatakiwa timu 12 za kucheza mtoano wa ubingwa wa taifa. Utazipataje?

Sisi tumezoea msimamo. Ligi Kuu Bara ina timu 16, kila mmoja anacheza na kila mmoja nyumbani na ugenini, mechi 30, na hesabu inafungwa. Mimi Yanga, shemeji yangu Simba, tumegombana juu ya waamuzi, penalti, kadi, hata ukuta wa uwanja. Hatujawahi kugombana kama pointi 70 ni nyingi kuliko 68. Hawa wenzetu hawana kitu cha namna hiyo. Wana kamati.

Kamati ni watu 13. Wanakutana kwenye hoteli moja kubwa Grapevine, Texas, karibu na uwanja wa ndege wa Dallas. Wengi ni wakurugenzi wa michezo wa vyuo, wengine makocha na wachezaji wa zamani. Ile ya kwanza kabisa alikuwemo hata Condoleezza Rice, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje. Chuo chako kikifikiwa unatoka nje ya chumba. Na utaratibu wao si wa kubahatisha: kila mjumbe anaandika timu 30 anazoziona nzuri, kisha wanachagua sita za kuanzia, kila mtu anazipanga sita zile, namba zinajumlishwa, tatu zenye jumla ndogo zinachukua nafasi tatu za juu. Wanaongeza tatu nyingine mezani, wanarudia. Wanaendelea hivyo hivyo, fungu kwa fungu, mpaka ya 25.

Nilipoelezwa mara ya kwanza nilisema hii ni Miss Tanzania. Mpwa wangu hakunisemesha mpaka usiku.

Kabla ya hapo, kumbe, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Waandishi wa habari walianza kupiga kura zao kupitia shirika la AP mwaka 1936, makocha nao wakaanzisha zao mwaka 1950, na kwa miongo bingwa alikuwa yule aliyependwa na wapiga kura. Mwaka 1997 waandishi wakampa Michigan, makocha wakampa Nebraska, na nchi ikawa na mabingwa wawili ambao hawakukutana. Mwaka 1998 wakaleta mfumo wa kuchanganya kura na kompyuta ili wapatikane wawili wa fainali. Mtoano wa timu nne ulianza msimu wa 2014, ukapanuliwa kuwa wa timu 12 msimu wa 2024. Ukiwauliza watu hapa kila hatua ililetwa kwa nini, jibu ni moja: ugomvi wa mwaka uliotangulia.

Sasa turudi kwenye wali uliopoa.

Notre Dame walianza msimu kwa kufungwa na Miami, 27–24, tarehe 31 Agosti. Wakafungwa tena na Texas A&M kwa pointi moja, 41–40. Kisha wakashinda mechi kumi mfululizo. Miami nao walimaliza na ushindi kumi na vipigo viwili, wakiwa wamefungwa na Louisville na SMU. Rekodi moja, 10–2 kwa 10–2, na walikutana uwanjani, na mmoja alimfunga mwenzake. Mtoto wa darasa la tatu angejibu.

Lakini orodha ya kwanza ya kamati, ya tarehe 4 Novemba, iliweka Notre Dame nafasi ya 10 na Miami nafasi ya 18. Kila Jumanne iliyofuata Notre Dame walikuwa juu. Jumanne tano. Ya mwisho, tarehe 2 Desemba, ilisomeka hivi: Alabama 9, Notre Dame 10, BYU 11, Miami 12. Wikiendi ile ilikuwa ya fainali za konferensi, mechi ya ziada kwa waliofuzu. Notre Dame hawakucheza. Miami hawakucheza. Jumapili orodha ikatoka: Alabama 9, Miami 10, Notre Dame 11.

Ni nini kilitokea katikati? BYU walichapwa 34–7 na Texas Tech. Maelezo ya kamati yalikuwa kwamba BYU waliposhuka, Miami na Notre Dame wakawa majirani, na majirani wakilingana ndipo unapotazama nani alimfunga nani. Ina maana mechi ya Agosti ilikuwepo siku zote, imekaa kabatini, ikisubiri BYU apigwe ili kabati lifunguliwe.

Na Alabama? Alabama walicheza Jumamosi ile ile, wakachapwa 28–7 na Georgia, na hawakushuka hata nafasi moja.

Jumatatu nilienda kazini. Ghalani kwetu kuna mzee anayeendesha foklifti, Mkatoliki wa ukoo mrefu wa Kiayalandi, ambaye tangu nianze kazi sijawahi kumwona bila kofia yake ya bluu yenye herufi mbili za dhahabu za Notre Dame. Siku ile alikuja na kofia ya sufu nyeusi isiyo na nembo. Sikumsalimu kwa utani kama kawaida. Wakati wa mapumziko nilimpelekea kahawa, akaishika tu. Akasema kama kamati ingewaweka Miami mbele tangu Novemba, asingelala vibaya. "Wangeniambia mapema," alisema. "Wiki tano wameniambia niko ndani."

Nimekaa na kauli ile muda mrefu. Mzee hakuwa analalamika kuhusu hukumu, na Notre Dame wenyewe, waliotangaza Jumapili ile ile kwamba hawatacheza mechi nyingine yoyote msimu huo, nadhani walikuwa na donge hilo hilo. Kosa kwangu mimi liko Jumanne. Kamati inakutana kuchagua timu za Desemba, lakini kuanzia mwanzoni mwa Novemba inatoa orodha kila Jumanne usiku, mbele ya kamera za ESPN, kituo kile kile kinacholipa mabilioni ya dola kuonyesha mashindano haya. Kila orodha inageuka ahadi hata kama hawataki iwe ahadi. Mwenyekiti anakaa mbele ya kamera kueleza kwa nini huyu yuko juu ya yule, na wiki inayofuata maneno yake yanamfunga miguu. Kamati ya mpira wao wa kikapu inapanga timu 68 kila Machi bila hiki kipindi cha kila wiki. Watu wanakasirika jioni moja, basi. Hakuna anayeweza kuwaambia, "Lakini Jumanne mlisema."

Mpwa wangu hakubali. Alinijibu tukiwa tunazoa theluji mlangoni kwa koleo, na nitamtendea haki kwa kuandika hoja yake.

"Mjomba, mwanzoni mwa Novemba Miami walikuwa ndiyo kwanza wametoka kufungwa na SMU. Unataka wawekwe juu ya Notre Dame kwa sababu ya mechi ya Agosti, wakati wamefungwa na timu ambazo Notre Dame wasingefungwa nazo?"

"Umejuaje wasingefungwa?"

"Si unaona tu walivyokuwa wanacheza."

"Hapo sasa," nikasema. Maana hapo ndipo shimo lilipo, na wote wamo ndani yake, mpwa wangu, mzee wa ghalani na wale 13 wa Grapevine. Neno wanalotumia ni bora. Kamati imeagizwa ichague timu bora. Lakini bora ni nani: aliyefanya makubwa zaidi, au yule ambaye wakikutana kesho atashinda? Kwenye msimamo wa ligi swali hili halipo. Bingwa anaweza kuwa anacheza hovyo mwezi wa mwisho, majeruhi wamejaa, mshabiki wake mwenyewe anaona aibu, na kombe analibeba kwa sababu pointi za Septemba zinahesabika sawa na za Mei. Penye kamati, swali halifi. Linageuzwa upande unaotakiwa wiki hiyo.

Aliyeumizwa zaidi na mgeuko huo ni Florida State, mwaka 2023, enzi za timu nne. Walishinda mechi zote 13 na kuchukua ubingwa wa konferensi yao. Mwezi Novemba kwotabeki wao, Jordan Travis, alivunjika mguu. Kwotabeki ndiye anayeshika mpira wa kwanza katika kila shambulizi. Ukimpoteza huyo umepoteza usukani. Hata hivyo waliendelea kushinda, mechi ya ubingwa wakiichezesha kwa kijana aliyekuwa chaguo la tatu, wakaifunga Louisville 16–6. Kamati ikawaweka wa tano. Nafasi ya nne ikaenda kwa Alabama, waliokuwa wamepoteza mechi moja. Kanuni iliruhusu: imeandikwa kwamba kukosekana kwa wachezaji muhimu kunaweza kutazamwa. Kwa hiyo timu isiyofungwa iliachwa kwa sababu ya mechi ambazo ilidhaniwa ingefungwa. Travis aliandika kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi msimuni, ili watu wapate muda wa kuona timu bila yeye. Nilisoma maneno yale nikiwa kwenye basi, na nikafunga simu.

Ukitaja Florida State, kuna mtu atakuambia: "63–3." Ndivyo walivyofungwa na Georgia kwenye mechi yao ya mwisho, baada ya wachezaji wengi kuamua kutocheza. Si unaona? Kamati ilikuwa sahihi! Sioni. Mtu aliyenyimwa mwaliko wa harusi, akaja kwenye kikao cha kuvunja kamati amekunja uso, huwezi kutumia uso ule kuthibitisha kwamba harusini angechafua hewa.

Jioni ile ya Jumapili, wali ukiwa umepashwa moto, mpwa wangu aliamua kumjaribu mama yake. Dada yangu ni muuguzi. Mpira huu hauangalii, anasema wanaume wale wanalala chini mno. Kijana akachana bahasha ya bili ya umeme vipande vitatu, akaandika Texas, Oklahoma, Texas Tech.

"Mama, panga hizi. Ni mwaka 2008. Wote wameshinda 11, wote wamefungwa moja. Texas alimfunga Oklahoma 45–35. Texas Tech akamfunga Texas 39–33. Oklahoma akamfunga Texas Tech 65–21. Nani wa kwanza?"

Dada yangu aliosha mikono, akafuta, akavuta kiti. Alizizungusha karatasi zile mara kadhaa. Nikaona uso wake ukibadilika alipogundua kwamba zinazunguka kweli, kila ukimweka mmoja juu kuna wa kumshusha.

"Nani alicheza kwao?" akauliza.

Mpwa wangu akanitazama. Hakutegemea swali hilo. Akaeleza: Texas na Oklahoma hukutana Dallas kila mwaka, hakuna mwenyeji. Texas alifungwa na Texas Tech ugenini, Lubbock, zikiwa zimebaki sekunde moja. Texas Tech alifungwa kwa Oklahoma.

"Basi Texas wa kwanza," akasema dada. "Amefungwa ugenini, dakika ya mwisho. Huyu Oklahoma amefungwa katikati, hakuna mtu aliyemwonea. Na huyu Tech..." akakisukuma kikaratasi kwa kidole kama anaondoa chembe ya mchele, "...sitini na tano? Huyu akae mwisho, asijitetee."

"Hapana, Mama. Alikwenda Oklahoma. Kura na kompyuta zilimweka juu kidogo, akacheza mechi ya ubingwa wa konferensi, akaenda mpaka fainali ya taifa akafungwa na Florida."

"Kompyuta ilikuwepo uwanjani?"

Hatukuwa na jibu. Akazibandika karatasi kwenye friji kwa sumaku, Texas juu, na akasema zikae hapo mpaka atakapojulishwa makosa yake.

Kuna jambo moja ambalo mimi na mzee wa ghalani hatupatani. Msimu ule nafasi tano kati ya 12 zilikuwa za mabingwa wa konferensi, watano waliopangwa juu zaidi. Ndiyo maana Tulane na James Madison, waliokuwa nafasi ya 20 na ya 24, waliingia na Notre Dame wa 11 akabaki nje. Mzee alinipigia mahesabu hayo kwenye kifuniko cha boksi kwa kalamu ya kuandikia mizigo. Namwelewa, lakini kanuni ile mimi naitetea. Mwaka 2017 Central Florida walishinda mechi zote 13, wakaifunga hata Auburn, ambao msimu ule ule walikuwa wamezifunga timu zote mbili zilizocheza fainali, na kamati ilikuwa imewaweka nafasi ya 12. Walichofanya ni kujitangaza mabingwa wenyewe na kufanya gwaride lao Disney. Watu waliwacheka. Mimi ningewapigia tarumbeta. Timu ndogo isipoandikiwa mlango kwa kanuni, hakuna chumba cha watu 13 kitakachoufungua kwa hiari.

Tulane walichapwa 41–10 na Ole Miss, James Madison 51–34 na Oregon, na wakosoaji wakasema si tulisema. Mwanzo wa Januari Indiana wakaichapa Alabama 38–3. Sikusikia mtu akisema timu kubwa zisialikwe tena.

Na Miami, wale walioingia kwa mlango uliofunguliwa na kipigo cha BYU? Waliifunga Texas A&M kwao, 10–3. Wakaifunga Ohio State, mabingwa watetezi. Wakaifunga Ole Miss. Wakafika fainali tarehe 19 Januari 2026, kwenye uwanja wao wenyewe, dhidi ya Indiana. Usiku ule nyumbani kwetu kulijaa vijana wa shule wenye fulana nyekundu, dada alikaanga sambusa mpaka mafuta yakaisha, na Indiana, chuo ambacho kwa miaka mingi kilikuwa mfano wa kufungwa, kikashinda 27–21. Kijana wetu alilia waziwazi. Kisha, sauti imekauka, akaniambia: "Lakini umeona, Mjomba? Miami walistahili. Kamati ilikuwa sahihi."

Nilimwambia hapana, kwa sababu ile ile ya 63–3. Kilichotokea Januari hakiwezi kurudi kusahihisha karatasi ya Desemba. Miami walistahili tangu tarehe 31 Agosti, na kamati iliwajua kwa siku moja tu, Jumapili. Tukabishana hadi saa nane usiku, wageni wameondoka, tunakusanya sahani.

Mzee amerudisha kofia yake ya bluu mwezi Februari. Sikumuuliza.

Asubuhi moja nilienda kuchukua maziwa nikakuta Oklahoma amepandishwa juu kwenye friji. Sikusema kitu. Jioni, dada alipotoka zamu, bado na sare ya hospitali, alisimama pale mlangoni mwa jikoni akatazama, akavua sumaku kwa kucha, akamrudisha Texas mahali pake, kisha ndipo akavua viatu.